ETI LENZI PANA INALETA "UCHAFU"? ACHENI KUTUFICHIA USWAHILINI KWETU!

Najua wengi mmeingia hapa kutafuta nani kaachana na nani. Hiyo ipo, Jumatatu naiweka. Leo naomba mnivumilie, kuna watu nataka tuongee nao kwanza, maana hili jambo limenikaa kooni tangu Alhamisi.

Kuna mpiga picha mmoja hapa mjini, jina simtaji, wenye macho mshamjua. Anapiga mastaa, ana wafuasi kibao Instagram, na ukimpelekea harusi yako bei anayokutajia unaweza kuanza msingi wa nyumba Chanika. Alhamisi usiku alikuwa laivu anajibu maswali. Dogo mmoja akamuuliza kwa heshima zote, shikamoo kaka imo ndani, kwamba ana kamera ndogo na kalenzi kapana ka kuzungusha kwa mkono, je anaweza kuanzia hapo kutafuta riziki? Jamaa akacheka. Sio kutabasamu, alicheka mpaka simu ikayumba. Halafu akatoa majibu mawili. La kwanza, lenzi ya kuzungusha ni ya watu walioshindwa kununua lenzi. La pili ndilo lililonipandisha presha: eti lenzi pana kwa Dar haifai, kwa sababu inaingiza uchafu wa uswahilini kwenye picha ya mteja.

Uchafu. Wa uswahilini.

Mioyo ikaanza kupanda kwenye skrini, watu wanacheka, mastaa wawili watatu wakatupia makofi. Na hao mastaa nawafahamu kwao. Mmoja kakulia Tandika, soko analisikia kutoka kitandani. Mwingine Mwananyamala Kwa Kopa, mama yake mpaka leo yupo pale pale. Wanapigia makofi mtu anayeita kwao uchafu. Hapo ndipo nikasema hapana, hii siiachi ipite.

Twende taratibu maana humu tuko wengi, wengine kamera mnaiona kwenye kipaimara tu. Lenzi pana ni ile inayomeza eneo kubwa kwa mkupuo mmoja. Kwenye simu yako kuna kile kidude cha 0.5, ukikigusa chumba chote kinaingia, hiyo ndiyo lenzi pana. Namba ya milimita ikipungua, eneo linapanuka. Sasa hizi ninazozungumzia ni za kamera yenyewe, ndogo, za chuma, hazina mota ndani na nyingi haziongei na kamera kabisa. Zina pete mbili. Moja ya umbali, moja ya kufungua na kufunga kitundu cha mwanga. Unazungusha mwenyewe kwa vidole. Basi, habari imeisha.

Wachina ndio wamezijaza duniani miaka hii: 7Artisans, TTArtisan, Meike, Laowa. Zipo ambazo mpya kabisa hazifiki dola 200. Ipo moja ya Laowa ya milimita 10, wenyewe wanaiita Cookie, biskuti, na ukiiona unaelewa kwa nini: ina gramu 130 na unene wa milimita 25. Sasa ile 85 f/1.4 ya Sony wanayotembea nayo kama kikombe cha ubingwa ina gramu 820. Zaidi ya mara sita. Biskuti unaiweka mfuko wa suruali unapanda daladala la Mbagala Rangi Tatu saa kumi na mbili jioni, umebanwa kama dagaa, na hakuna anayejua umebeba nini. Hiyo nyingine unabeba na begi, na begi linaita wenye njaa zao. Anayekaa uswazi ananielewa.

Haya, tuje kwenye hoja yake ya kwanza, kwamba ya kuzungusha ni ya walioshindwa. Kaka, naomba nikuulize kitu na ujibu mbele ya wafuasi wako wote: unajua umbali wa kufokasi unavyofanya kazi, au unajua kubonyeza tu?

Maana lenzi pana ina siri moja nzuri sana ambayo wenye mota hawaitaki kuijua. Chukua lenzi ya milimita 12 kwenye hizi kamera za sensa ndogo ambazo vijana wengi ndizo wanazo. Funga kitundu mpaka f/8. Zungusha pete ya umbali mpaka karibu na mita moja, kama sentimita 90 hivi. Kila kitu kuanzia kama nusu mita mbele yako mpaka huko macho yanapoishia kinakuwa wazi. Mtoto aliyekushika suruali yuko wazi, mama anayekaanga mihogo yuko wazi, daladala liko wazi, na vilima vya Pugu vikiwa vinaonekana navyo viko wazi. Hujagusa tena pete. Hufokasi tena siku nzima. Unainua unapiga, unainua unapiga.

Sasa niambieni ni nani hapo anayehangaika? Huyu ambaye lenzi yake ilishafokasi tangu asubuhi ametoka nyumbani, au yule ambaye mota yake inakwenda mbele inarudi nyuma, zii zii, inatafuta uso gizani kwenye kigodoro huku tukio limeshapita?

Usiku ni mgumu zaidi, nakubali, mwanga hautoshi na f/8 inakuwa kiza. Unafungua mpaka f/2.8 unaweka pete kwenye mita 2 na nusu hivi, na bado kuanzia mita moja na kitu kwenda mbele uko salama. Hizi sio porojo zangu, ni hesabu ya lenzi, ipo kwenye programu za bure za simu, unaingiza milimita na kitundu inakupa majibu. Nimemaliza kidato cha nne, fizikia walinipa D, na bado nimeielewa. Yeye mwenye studio imemshinda.

Halafu hii dharau kwa kuzungusha inatoka wapi? Kamera ya kwanza ya kujifokasi kuuzwa kwa wingi duniani ni Konica C35 AF, mwaka 1977. Minolta 7000, iliyowafanya wapiga picha wa kazi waanze kuichukulia kwa uzito hiyo teknolojia, ilitoka 1985. Kabla ya hapo dunia nzima ilikuwa inazungusha au inakadiria kwa macho. Picha za Uhuru 1961, Mapinduzi ya Zanzibar 1964, ile ya Mwalimu anachanganya udongo wa nchi mbili, zote ni vidole vya mtu. Nenda Zanzibar, Capital Art Studio ya mzee Ranchhod Oza ipo tangu 1930, karibu nusu karne ya mji imepita mbele ya kamera yake. Hakuna hata siku moja mota ilimsaidia kuona sura ya mtu.

Na kuna Mohamed Amin. Vijana wengi hamumjui na ni aibu, maana alianzia hapa hapa. Kazaliwa Nairobi 1943, na mwaka 1963 akafungua kampuni yake ya Camerapix Dar es Salaam. Hesabu umri hapo: hajafika hata 21. Mwaka 1984 ni yeye aliyekuwa nyuma ya kamera iliyoionesha dunia njaa ya Ethiopia, BBC wakarusha, na matamasha makubwa ya Live Aid yakafuata mwaka uliofuata. Mwaka 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa akapoteza mkono wa kushoto. Akarudi kazini! Alifariki 1996 kwenye ile ndege ya Ethiopian iliyotekwa ikaanguka baharini Comoro. Mtu wa mkono mmoja alifanya kazi miaka mitano, halafu wewe wenye mikono miwili unaniambia kuzungusha pete ni umaskini. Acha masihara.

Tuje sasa kwenye uchafu, ndiyo sehemu inayoniuma.

Ngoja niwape hesabu nyingine, hii rahisi. Lenzi ya milimita 85 kwenye kamera ya sensa kubwa, ukitaka kumpiga mtu mzima kuanzia kichwani mpaka viatuni, kamera umeisimamisha wima, unatakiwa urudi nyuma kama mita nne na nusu. Chumba cha kawaida cha kupanga Tandale, Manzese, Keko, Mtoni, ni futi kumi kwa kumi. Hiyo ni mita tatu. Ukitoa kitanda, kabati, friji na meza ya televisheni, umebakiwa na mita moja na nusu ya kusimama. Kwa hiyo huyu bwana akiitwa kumpiga bibi harusi akivaa nyumbani kwao, inabidi bibi harusi awe chumbani, yeye asimame koridoni, mgongo kwenye jiko la mkaa la mpangaji mwingine. Sitanii. Watu wa kamati za sendoff mnalijua hili. Suluhisho lao ni nini? Wanamhamisha bibi harusi. Wanakodi chumba cha hoteli kwa ajili ya picha za kuvaa tu, familia iliyojichangisha kwa kadi inalipia chumba cha masaa matatu, ili ionekane huyu mtoto katokea hotelini.

Na lenzi ya milimita 10 kwenye kamera ndogo? Ukisimama mita mbili kutoka ukutani inachukua upana wa mita 4 na nusu na ushee. Ukuta mzima na kona zote mbili. Bibi harusi katikati, mama yake anamfunga mkufu, shangazi analia kwenye kiti cha plastiki, mdogo wake kapanda kitandani achungulie, picha ya babu iko ukutani imepinda, kanga ziko mlangoni. Hiyo picha miaka thelathini mbele ni dhahabu. Huyo babu ukutani hayupo tena, hicho chumba hakipo tena, huenda hata huyo shangazi hayupo.

Ndiyo uchafu wenyewe huo. Babu na shangazi na kanga.

Sasa nawauliza nyinyi mastaa. Kuna dada mmoja wa filamu, juzi kati kaenda kwa mama yake kula Idi, kapiga picha mlangoni. Nyuma kumeyeyushwa kote, ukungu mtupu, hujui ni Temeke, ni Dubai, ni ndani ya friji. Maelezo kaandika nyumbani ni nyumbani. Nyumbani gani sasa dada angu? Onesha basi! Kuna msanii wa Bongo Fleva kila wimbo anataja mtaa wake, anajiita mtoto wa Temeke, lakini video tano za mwisho zote lokesheni ni nyumba ya kukodi yenye bwawa, na hata ile moja aliyorudi mtaani direkta kaweka lenzi ndefu, mtaa umekuwa rangi rangi tu kama rangi ya keki. Watoto waliosimama nyuma yake masaa mawili juani wakitegemea wataonekana wamegeuka madoa. Nilimsikia dogo mmoja kwa masikio yangu anawaonesha wenzake kwenye simu, anasema hili doa la bluu ni mimi.

Hilo doa la bluu ni mimi, jamani. Mnasikia?

Huu ukungu ni lugha. Unasema kilicho nyuma hakina maana. Ukiutumia kwenye ukuta wa studio sawa. Ukiutumia kila siku kwa watu wa eneo moja, kwenye nyumba za aina moja, umeshaamua nani ni mtu na nani ni doa. Na kwa sababu mastaa ndio wanaigwa, sasa kila binti wa Kigogo na kila kijana wa Yombo anataka ukungu, simu zenyewe siku hizi zinaweka ukungu wa kubandika, mpaka hereni zinaliwa nusu sikio linapotea, na bado wanasema imetoka kali.

Wakati huo mji unabadilika hatuna picha yake. Angalia Barabara ya Kilwa, ule ujenzi wa mwendokasi mpaka Mbagala umeigeuza yote, vibanda vilivyokuwepo, miti, vituo vya zamani. Magomeni Kota, zile nyumba za chini zilivunjwa, wakazi wakasubiri miaka, maghorofa yakazinduliwa 2022. Bonde la Msimbazi nyumba zimevunjwa, watu waliokaa pale tangu wazazi wao wako sijui Mabwepande sijui wapi. Waliozaliwa pale mna picha? Mnazo. Za nyuso zenu, na ukungu. Nani ana picha ya uchochoro wenyewe, mlango ulivyokuwa umeangaliana na mlango wa jirani, bomba lilikuwa wapi, mbao ya bao ilikuwa wapi?

Halafu ajabu ni kwamba wageni wanakuja kuzipiga wao. Angalia singeli. Muziki umezaliwa Manzese, Tandale, Mburahati, tukauita wa wahuni miaka yote. Studio ya Sisso ipo Mburahati, mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Uganda ikatoa Sounds of Sisso, na dunia ikaanza kutuuliza hii ni nini. Picha na video zinazoifanya singeli ieleweke ni zile ambazo mpigaji yuko ndani ya duara, mapigo 200 na zaidi kwa dakika, jasho linaruka, mtu kapindua kichwa chini miguu juu, spika iko futi mbili kutoka sikioni kwako. Singeli huwezi kuipiga kwa 85 ukiwa ng'ambo ya barabara. Pale panahitaji lenzi pana, imeshafokasiwa, mkono mmoja juu na mwingine unajilinda usipigwe teke. Hiyo ndiyo kazi ya hako kalenzi mnakokaita kifuniko cha chupa.

Na kuna adabu ndani yake, hili halisemwi. Ukiwa na lenzi ndefu unaweza kumuiba mtu picha toka mbali, hajui, kesho anajikuta kwenye ukurasa wako. Ukiwa na lenzi pana huwezi, inabidi umfikie. Ukimfikia lazima useme shikamoo mama, habari za biashara, naomba kupiga hapa. Anakuuliza unapeleka wapi, unamwambia. Akikataa unaondoka. Siku hizi kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, lakini hata isingekuwepo, mtu kwao ni kwao. Wapiga picha wengi wazuri ninaowajua wa Tandika na Mbagala wanafahamiana na wauza ndizi wote wa njiani, na sababu ni hiyo lenzi. Imewalazimisha kusalimia.

Sasa sikilizeni, mimi sio mjinga, na sitaki mje mniambie nimesema 85 itupwe baharini. Lenzi ndefu ni nzuri. Picha ya uso, ya pasipoti ya kishua, ya mzee mwenye makunyanzi mazuri, tumia. Mpira uwanja wa Mkapa, huwezi kupiga goli kwa milimita 12, utaleta nyasi na mawingu. Watoto wanaokukimbilia usiku, kujifokasi kunasaidia sana. Na lenzi pana ina balaa lake, tena kubwa. Ukimsogelea mtu sana pua inakuwa kubwa kuliko kesi yake. Ukimweka pembeni ya fremu kichwa kinavutwa kama chapati, na bibi harusi akijiona vile harusi inaweza kuvunjika kabla ya keki. Ukiinamisha kamera nyumba zote zinalala. Ndiyo maana inataka mtu anayefikiri: kichwa cha mtu weka katikati, kamera ishike usawa wa kifua iwe imelala sawa, mpe mita moja na nusu, na kingo za fremu uwekee vitu, sio sura za watu. Hivyo ni vitu vya kujifunza wiki mbili.

Na kwa yule dogo aliyechekwa, kwa kuwa aliyeulizwa hakujibu, nakujibu mimi hapa. Kamera yako ikigoma kupiga ukiwa umeifunga hiyo lenzi, haijafa. Inaona kama haina lenzi kabisa. Ingia kwenye menyu utafute sehemu inayoruhusu kupiga bila lenzi, iwashe. Washa na ile alama ya rangi inayong'aa kwenye kingo za kitu kilicho wazi, itakusaidia mwanzoni. Usiamini sana namba zilizochorwa kwenye hizi za bei rahisi, mara nyingi alama ya mwisho sio mwisho wa kweli. Usiku tafuta taa ya mnara wa simu wa mbali, kuza picha kwenye skrini, zungusha mpaka taa iwe nukta kali, halafu weka doa la rangi ya kucha pale pete iliposimama. Muombe dada yako, buku halifiki. Fanya hivyo hivyo kwa mita moja, pima na futi ya fundi nguo. Ukimaliza, kipande cha gundi ya karatasi kwenye pete isihame ndani ya mfuko. Ukienda Coco au Kigamboni ufute chumvi ukirudi, hizi nyingi hazina mpira wa kuzuia vumbi wala maji.

Na usikodi! Kuna dogo mmoja wa Mbagala Kizuiani, kazi za sendoff na maulidi, alikuwa anakodi 85 kila wikiendi kwa sababu wateja wakiona lenzi ndogo wanadhani wamepunjwa. Hela ya kukodi, hela ya bajaji maana begi kubwa, mwisho wa mwezi anadaiwa yeye. Kuna kamati moja ilimnyang'anya kazi mlangoni kabisa, mwenyekiti kaangalia lenzi kasema tunataka mpiga picha mwenye kamera. Wakamleta wa milimita 85. Nyumba yenyewe Mtoni Kijichi, sebule imejaa, yule bwana kasimama barazani anapiga kupitia dirishani, nondo za dirisha zimeingia kwenye kila picha, bibi harusi kama yuko mahabusu. Dogo alikuwa amebaki kula pilau tu kama mgeni, akatoa simu akaweka 0.5 akapiga tano. Zile tano ndizo mama wa bibi harusi alizozitoa fremu. Sasa hivi dogo ana lenzi yake ya milimita 12, yake, hadaiwi na mtu, na akikutana na kamati anawaonesha picha kwanza, kamera anaitoa baadaye.

Wa makofi kwenye laivu nawarudia mara ya mwisho. Hamlazimiki kukaa Tandika. Mtu akipata ahamie Mbezi Beach, ahamie Masaki, hela yake, jasho lake, mimi mwenyewe nikipata nahama kesho asubuhi kabla ya chai. Ninachokataa ni mtu kulipwa kutufuta, halafu tunampigia makofi. Mama yako anayekaa Kwa Kopa ana haki ya kuonekana na nyumba yake. Aliijenga kwa maandazi, kila tofali analijua, halafu wewe unakuja na bwana wa milioni anaigeuza ukungu kwa sababu ukuta haujapigwa rangi. Umemuuliza mama kama anaona aibu? Mimi nimeona wamama wengi wakipigwa picha. Kitu cha kwanza wanachofanya wananyoosha pazia, wanapanga vyombo kwenye kabati, wanakwambia ngoja niweke kitambaa juu ya televisheni. Wanataka nyumba ionekane!

Haya, uwanja ni wenu, tupieni komenti. Najua wapo watakaosema nimelipwa na Wachina, wengine watasema nina wivu, na timu ya yule bwana mtakuja na matusi kama kawaida yenu, karibuni, sifuti hata moja. Ila njooni na picha. Chumba cha futi kumi kwa kumi, kitanda ndani, kabati ndani, mtu mzima kasimama anaonekana kichwa mpaka vidole vya miguu, imepigwa kwa milimita 85 na mpigaji yuko ndani ya chumba. Atakayeileta naiweka hapa juu kabisa wiki nzima, juu ya hiyo habari ya Jumatatu.